Namna Kemia Inavyosoma Mfuatano wa Asidi Amino Katika Protini

Ndani ya kongosho la ng'ombe, awe anachungwa kwenye mbuga za Bahi au anafugwa zizini huko Uingereza, hutengenezwa homoni ya insulini, ambayo ni protini ndogo yenye asidi amino 51 tu. Kuzipanga hizo 51 kila moja mahali pake, bila kukosea hata moja, kuliwachukua Frederick Sanger wa Cambridge na wenzake wachache zaidi ya miaka kumi. Mwanafunzi wa leo anayesoma biokemia hapa Dodoma huikuta kazi hiyo imefupishwa kuwa michoro miwili mitatu ubaoni, naye huikariri ili ajibu mtihani. Nimekaa na wanafunzi wa aina hiyo mara nyingi, na nimeona kwamba majina ya kemikali wanayajua, hatua nazo wanazijua, lakini ukiwauliza kwa nini hatua moja hufanywa kwenye maji yenye alkali na inayofuata ikafanywa kwenye asidi isiyo na hata tone la maji, wengi hunyamaza. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu naamini humo ndimo ulimo ufundi wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu kinachosomwa. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na aina za kawaida za asidi amino ambazo viumbe huzitumia kuujenga ni 20. Kila moja huungana na jirani yake kwa kifungo cha peptidi, yaani kundi la kaboksili la ile iliyotangulia hushikana na kundi la amino la ile inayofuata, na molekuli moja ya maji hutoka. Kwa kuwa kila kiungo kina upande wa amino na upande wa kaboksili, mnyororo mzima nao una ncha mbili zisizofanana: ncha ya amino, ambako kuna kundi la amino lililo huru, na ncha ya kaboksili. Wanasayansi wamekubaliana kuandika na kusoma mfuatano kuanzia ncha ya amino. Ncha hiyo iliyo huru ndiyo mlango ambao kemia huingilia, na karibu kila mbinu tutakayoieleza inaanzia hapo.

Kujua mnyororo umejengwa kwa asidi amino zipi, na kila aina ziko ngapi, si kazi ngumu sana. Protini huwekwa kwenye neli ya kioo pamoja na asidi ya haidrokloriki yenye nguvu ya molari 6, hewa huondolewa, neli huzibwa kwa moto, kisha hupashwa joto la nyuzi 110 za selsiasi kwa saa 24 hivi. Maji, yakisaidiwa na asidi na joto, huvunja vifungo vyote vya peptidi, na mwishoni hubaki mchanganyiko wa asidi amino moja moja, ambao hutenganishwa kwa kromatografia, yaani njia ya kuzipitisha kemikali zilizochanganyika ndani ya safu au karatasi ambamo kila moja husafiri kwa mwendo wake, na kupimwa kwa ninhaidrini, kemikali inayogeuka zambarau ikikutana na asidi amino, isipokuwa kwa prolini ambayo hutoa manjano. Mwaka 1958 Stanford Moore na William Stein wa Taasisi ya Rockefeller, pamoja na mwenzao Darrel Spackman, walitangaza mashine iliyoifanya kazi hiyo yenyewe. Hata hivyo, kipimo hiki kina hasara zake. Triptofani huharibika katika asidi hiyo, serini na threonini hupungua kiasi, na asparajini na glutamini hupoteza amonia yake na kugeuka asidi aspatiki na asidi glutamiki, hivyo huwezi tena kujua ipi ilikuwa ipi.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba mpangilio wote umepotea. Umekata uzi wa ushanga, ukazihesabu shanga nyekundu, nyeupe na bluu, lakini mshonaji aliyezipanga hayupo tena wa kukwambia ipi ilitangulia. Peptidi yenye asidi amino tano tofauti inaweza kupangwa kwa namna 120. Ikiwa na kumi tofauti, namna zinakuwa 3,628,800. Kwa protini halisi hesabu hiyo haina maana hata ya kuiandika, na ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikuwapo wataalamu wenye heshima zao waliodhani kwamba protini huenda haina mpangilio mmoja thabiti, bali ni mchanganyiko wa minyororo inayokaribiana tu.

Sanger alianza kwa kuitia alama ile ncha ya amino. Kemikali aliyoitumia, ambayo aliieleza mwaka 1945, inaitwa florodinitrobenzini. Katika mazingira ya alkali isiyo kali hushikana na kundi la amino lililo huru, na kinachopatikana kina rangi ya manjano. Jambo la maana ni kwamba kifungo kati ya alama hiyo na asidi amino ya kwanza ni kigumu kuliko vifungo vya peptidi: protini ikichemshwa katika asidi, mnyororo wote husambaratika, lakini ile asidi amino ya kwanza hutoka ikiwa bado imevaa rangi yake. Ikitenganishwa na kulinganishwa na sampuli zinazojulikana, huonekana ni ipi. Kuna mtego mmoja hapa. Lisini ina kundi jingine la amino kwenye mkono wake wa pembeni, nalo hushika alama ya manjano hata kama lisini hiyo iko katikati ya mnyororo. Bahati nzuri, lisini ya katikati inapotoka huwa na kundi lake kuu la amino bila alama, hivyo hubaki kwenye maji yenye asidi wakati zile zilizotiwa alama kwenye ncha huvutwa na etha, na kwa njia hiyo mtu hadanganyiki.

Sanger alipoipima insulini ya ng'ombe kwa njia hii alipata ncha mbili, moja ikiwa na glaisini na nyingine fenilalanini. Maana yake ilikuwa wazi: insulini si mnyororo mmoja bali ni miwili, imefungwa pamoja kwa madaraja ya salfa kati ya sisteini na sisteini. Aliyavunja madaraja hayo kwa asidi ya pafomiki, akaitenganisha minyororo, kisha kila mmoja akaukatakata vipande vidogo na kuvisoma. Mnyororo unaoanza na fenilalanini, unaoitwa B na wenye asidi amino 30, ulikamilika mwaka 1951 kwa ushirikiano na Hans Tuppy. Ule unaoanza na glaisini, unaoitwa A na wenye asidi amino 21, ulikamilika mwaka 1953 pamoja na E. O. P. Thompson. Ilibaki kujua madaraja matatu ya salfa yanaunganisha wapi na wapi, kazi iliyokuwa na taabu yake kwa sababu madaraja hayo hubadilishana washirika wakati wa uchambuzi, na hiyo ilimalizika mwaka 1955. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1958.

Namna ya kuviunga vipande hivyo inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa hadi leo hakuna mbinu ya kusoma mfuatano mrefu ambayo haiitegemei. Kwa msomaji wa kanda hii ya kati nitatumia reli ya zamani ya kati. Tuseme mgeni asiyeijua nchi ametakiwa kupanga majina ya baadhi ya stesheni, lakini haruhusiwi kupanda treni. Anachopewa ni orodha iliyochanwa vipande. Kipande kimoja kinasomeka Kilosa, Gulwe, Dodoma. Kingine kinasomeka Bahi, Manyoni. Cha mwisho kinasomeka Itigi, Tabora. Ndani ya kila kipande mpangilio ni sahihi, lakini hakuna kinachomwambia kipande gani kinafuata kipi. Sasa apewe nakala nyingine ya orodha ileile, iliyochanwa mahali tofauti, yenye kipande kinachosomeka Dodoma, Bahi, na kingine kinachosomeka Manyoni, Itigi. Papo hapo reli nzima inaungika kutoka Kilosa hadi Tabora, kwa sababu vipande vya nakala ya pili vinavuka pale palipochanwa katika ya kwanza. Katika protini pia ni hivyo: sampuli moja hukatwa kwa namna moja, sampuli nyingine ya protini ileile hukatwa kwa namna nyingine, na vipande vinavyopandana ndivyo vinavyotoa ushahidi.

Udhaifu wa njia ya Sanger ni kwamba kila ukitaka kuijua asidi amino ya kwanza unalazimika kuuteketeza mnyororo wote. Umeisoma herufi moja na ukurasa umeungua. Ilihitajika njia ya kuing'oa asidi amino ya kwanza peke yake, ikaachwa iliyobaki salama, ili ya pili sasa iwe ya kwanza, nayo ing'olewe, na kuendelea. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1950 na Pehr Edman, mwanasayansi wa Uswidi, na hadi leo huitwa kwa jina lake: mchakato wa Edman. Hapa ndipo ningependa tukae.

Kemikali ya Edman ni fenilisothiosayaneti. Katika hatua ya kwanza peptidi huchanganywa nayo ndani ya maji yenye alkali kiasi, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikiwa karibu 9. Alkali inahitajika kwa sababu kundi la amino likiwa kwenye asidi hubeba protoni ya ziada, na kwa hali hiyo jozi yake ya elektroni haiko huru kushambulia kemikali yoyote. Alkali huiondoa protoni hiyo, naitrojeni ya amino huishambulia kaboni ya isothiosayaneti, na ncha ya peptidi huvikwa kundi la fenilithiokabamili. Mpaka hapo hakuna kilichovunjika. Kitu muhimu kilichotokea ni kwamba atomu ya salfa imewekwa mahali pazuri sana, hatua chache tu kutoka kwenye kifungo cha kwanza cha peptidi. Mabaki ya kemikali huoshwa kwa kimiminika cha kikaboni, na peptidi hukaushwa.

Hatua ya pili ndiyo yenye siri. Peptidi iliyokaushwa huwekewa asidi ya trifloroasetiki isiyo na maji. Ile salfa, ikiwa jirani kabisa na kaboni ya kundi la kaboksili la asidi amino ya kwanza, huigeukia na kuishambulia, ikajifunga pete yenye atomu tano, na katika kujifunga huko kifungo cha kwanza cha peptidi hukatika. Asidi amino ya kwanza huondoka ikiwa ndani ya pete hiyo, inayoitwa thiazolinoni. Sasa tujiulize: kwa nini vifungo vingine visivunjike na vyenyewe, ilhali tumeona kwamba asidi kali huvunja protini nzima? Jibu ni kwamba katika ule uchemshaji wa saa 24 kinachovunja si asidi peke yake. Ni maji, yakisaidiwa na asidi. Kila kifungo cha peptidi kinachovunjika kwa namna ile hudai molekuli moja ya maji, ileile iliyotoka wakati kilipofungwa. Maji yakikosekana, vifungo vya katikati havina wa kuvivunja. Kifungo cha kwanza peke yake ndicho kisichohitaji maji, kwa kuwa mvunjaji wake, yaani salfa, amekwisha kufungwa mgongoni mwake katika hatua iliyotangulia. Edman aliyagawa mazingira mawili yanayopingana, alkali yenye maji kwa ajili ya kufunga na asidi kavu kwa ajili ya kukata, na kwa mgawo huo akaifanya kemikali ichague kifungo kimoja kati ya mamia. Sijui kama kuna mfano mzuri zaidi wa kumfundishia mwanafunzi kwamba mazingira ya mmenyuko yana uzito sawa na kemikali zenyewe.

Thiazolinoni haidumu, hivyo huvutwa kwa kimiminika cha kikaboni na kupelekwa kwenye chombo kingine, ambako sasa maji na asidi hukaribishwa bila hofu, nayo hubadilika kuwa fenilthiohaidantoini, umbo tulivu linaloweza kutambuliwa. Siku hizi utambuzi hufanywa kwa kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa: kila moja ya zile 20 hutoka kwenye safu kwa muda wake, na mwanga wa urujuanimno wa urefu wa nanomita 269 huonyesha imepita. Peptidi iliyobaki, ambayo sasa imepungua kwa asidi amino moja na ina ncha mpya ya amino, hurudishwa kwenye alkali, na mzunguko huanza upya.

Mwaka 1967, akiwa Melbourne nchini Australia, Edman pamoja na Geoffrey Begg walitangaza mashine iliyoiendesha mizunguko hiyo yenyewe ndani ya kikombe kinachozunguka kwa kasi, protini ikiwa imetandazwa kama utando mwembamba kwenye ukuta wa kikombe. Kwa mashine hiyo walisoma asidi amino 60 za mwanzo za mayoglobini, protini ya misuli, ya nyangumi. Mashine za miaka ya 1980 zilizopeleka kemikali zikiwa mvuke zilipunguza sana kiasi cha sampuli, mpaka kiwango cha pikomoli, yaani sehemu moja ya trilioni ya moli.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mashine haiendelei hadi asidi amino ya 500. Sababu ni hesabu tu. Fikiria wanafunzi 100 wako kwenye gwaride, na kila amri ya kupiga hatua inapotolewa, wawili katika kila mia hawaisikii. Baada ya amri ya kwanza karibu wote wako sawa. Baada ya amri 30, ambao hawajakosa hata moja ni 55 hivi, na baada ya amri 60 ni 30 tu. Waliobaki wametawanyika nyuma, mmoja kwa hatua moja, mwingine kwa mbili au tatu. Molekuli za peptidi nazo ni hivyo. Mmenyuko unaofaulu kwa asilimia 98 katika kila mzunguko ni mzuri sana, lakini makosa yake hujilimbikiza mpaka katika mzunguko wa sitini asidi amino inayopaswa kuonekana inafunikwa na zile za molekuli zilizochelewa. Kama kila mzunguko unafaulu kwa asilimia 95, utafika wa thelathini ukiwa na asilimia 21 tu ya molekuli zinazokwenda pamoja. Ndiyo maana protini kubwa lazima ikatwe kwanza.

Kukata huko hakufanywi ovyo. Kabla ya yote, madaraja ya salfa huvunjwa kwa daithiothreitoli na sisteini huzibwa kwa iodoasetamidi ili zisiungane tena. Kisha huchaguliwa kikatio kinachojua mahali pake. Tripsini, kimeng'enya kinachotoka kongoshoni, hukata upande wa kaboksili wa lisini na ajinini, isipokuwa pale ambapo prolini inafuata. Kimotripsini hukata zaidi baada ya fenilalanini, tairosini na triptofani. Kikatio kisicho kimeng'enya kinachosifika zaidi ni sayanojeni bromidi, ambayo Erhard Gross na Bernhard Witkop waliieleza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hukata baada ya methionini, na kwa kuwa methionini ni chache katika protini nyingi, hutoa vipande vichache vilivyo virefu. Ni sumu kali na lazima ishikwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, jambo ambalo kila maabara ya kufundishia inapaswa kulitimiza kabla ya kuiagiza.

Tuchukue peptidi ya mfano ambayo mfuatano wake hatuujui. Tripsini imetupa vipande vitatu, na mchakato wa Edman umevisoma hivi: alanini-glaisini-lisini; leusini-tairosini; valini-methionini-serini-ajinini. Tunajua tayari kwamba leusini-tairosini ni cha mwisho, maana hakiishii kwa lisini wala ajinini, lakini hatujui kati ya viwili vilivyobaki ni kipi kinaanza. Sayanojeni bromidi imetupa viwili: alanini-glaisini-lisini-valini-methionini, na serini-ajinini-leusini-tairosini. Cha kwanza kinavuka mpaka wa lisini na kuonyesha kwamba valini inaifuata. Cha pili kinavuka mpaka wa ajinini na kuthibitisha kwamba leusini inaifuata. Peptidi nzima ni alanini-glaisini-lisini-valini-methionini-serini-ajinini-leusini-tairosini, na hakuna mpangilio mwingine unaokubaliana na vipande vyote. Kwa njia ya aina hii, Moore, Stein na C. H. W. Hirs walikamilisha mwaka 1960 mfuatano wa ribonukleasi, kimeng'enya chenye asidi amino 124.

Uchaguzi wa kikatio hutegemea protini iliyoko mezani. Protini za akiba za mtama, nafaka inayovumilia ukame wetu wa Dodoma, karibu hazina lisini kabisa, jambo ambalo wataalamu wa lishe wanalijua kwa sababu ndilo linaloufanya ugali wa mtama uhitaji kunde au maziwa pembeni. Kwa mwanakemia jambo hilohilo lina sura nyingine: tripsini hupata mahali pachache pa kukata, naye analazimika kutegemea zaidi kikatio kingine.

Zipo protini ambazo mchakato wa Edman hauziwezi kabisa, na anayeanza utafiti hukata tamaa bure kwa kutolijua hili. Protini nyingi za seli za binadamu na wanyama zina ncha ya amino iliyozibwa, kwa mfano kwa kundi la asetili, au glutamini ya mwanzo imejikunja yenyewe na kuwa pete. Hapo fenilisothiosayaneti haipati pa kushika, na mashine huonyesha kimya. Dawa yake ni kuikata protini na kusoma vipande vya ndani. Vilevile asidi amino iliyobeba sukari huacha pengo katika usomaji, na sampuli isiyo safi hutoa majina mawili au matatu katika kila mzunguko. Upande wa pili, ncha ya kaboksili, kemia yake ni dhaifu zaidi. Shiro Akabori wa Japani alionyesha mwaka 1952 kwamba haidrazini hugeuza kila asidi amino kuwa haidrazidi isipokuwa ile ya mwisho, ambayo hubaki kama ilivyo. Na vimeng'enya vya kaboksipeptidasi hung'oa moja moja kutoka huko. Njia zote mbili husaidia kuthibitisha, lakini hazijawahi kusoma mbali.

Tunda la kazi hii linalotugusa kwa karibu zaidi hapa nchini ni ufahamu wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu, na hapa jijini Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uloto kwa watoto walio nao. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, hutembea tofauti katika uga wa umeme, lakini haikujulikana tofauti iko wapi. Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja, na kuisoma yote kwa wakati huo lingekuwa jambo la miaka. Vernon Ingram, aliyekuwa Cambridge, hakuisoma yote. Aliikata kwa tripsini himoglobini ya mtu mzima wa afya na ile ya mgonjwa, akavitawanya vipande vya kila moja kwenye karatasi, kwanza kwa umeme na kisha kwa kromatografia, akaziweka karatasi mbili sambamba. Madoa yote yalilingana isipokuwa moja. Alikichambua kipande hicho peke yake, na mwaka 1957 akatangaza kwamba asidi glutamiki imebadilishwa na valini. Kipande chenyewe, kama tunavyokijua leo, ni cha mwanzo kabisa wa mnyororo wa beta: valini-histidini-leusini-threonini-prolini-asidi glutamiki-asidi glutamiki-lisini, na badiliko liko katika nafasi ya sita. Asidi amino moja ndiyo tofauti yote kati ya chembe nyekundu ya mviringo na ile inayojikunja kama mundu.

Leo kazi kubwa ya kusoma protini imehamia kwenye spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli zilizopewa chaji ya umeme, hasa baada ya John Fenn na Koichi Tanaka kuonyesha namna ya kuzipa molekuli kubwa chaji bila kuzivunja, mchango uliowapatia Nobel mwaka 2002. Peptidi hupasuliwa ndani ya mashine, tungamo za vipande hupimwa, na tofauti kati ya kipande na kinachofuata hutaja asidi amino: 57 ni glaisini, 71 ni alanini, 99 ni valini. Ni njia ya haraka, inavumilia mchanganyiko na haizuiwi na ncha iliyozibwa. Lakini leusini na isoleusini zina tungamo sawa kabisa, takriban 113.08, na vipimo vya kawaida vya mashine hiyo haviwezi kuzitofautisha, ilhali katika mchakato wa Edman hutoka kwenye safu ya kromatografia kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo nisingemshauri mwalimu yeyote aufute mchakato wa Edman kwenye mtaala kwa madai kwamba umepitwa na wakati.

Wapo pia wanaosema kwamba kwa kuwa jeni husomeka kwa urahisi, na kila herufi tatu za DNA hutaja asidi amino moja, basi kemia ya protini haina kazi tena. Turudi kwenye insulini tuone. Jeni ya insulini ya binadamu huagiza mnyororo mmoja wenye asidi amino 110, unaoanza, kama minyororo mingine, na methionini. Asidi amino 24 za mwanzo hukatwa mapema, zikabaki 86, umbo ambalo Donald Steiner aliligundua mwaka 1967 na kuliita proinsulini. Kisha 35 za katikati huondolewa, na ndipo hupatikana minyororo miwili, wa 21 na wa 30, iliyoshikwa na madaraja ya salfa. Ukiisoma DNA peke yake huoni mkato wala daraja. Unaona mnyororo mmoja mrefu unaoanza na methionini. Insulini inayoingia kwenye damu huanza na glaisini upande mmoja na fenilalanini upande mwingine, zilezile mbili zilizobaki na rangi ya manjano mikononi mwa Sanger, miaka mingi kabla ya yeyote kuisoma jeni yenyewe.